Vitu Vipitavyo na Viangukavyo Kutoka Juu

Siku ya 30 Desemba 2024, yapata saa tisa mchana, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, nchi ya Kenya. Upana wake, kutoka ukingo hata ukingo, ulikuwa kama mita mbili na nusu, na uzito wake kama kilo 500, yaani zaidi ya magunia matano ya mahindi. Kwa bahati njema hakuna aliyeumia. Tarehe 1 Januari 2025 Shirika la Anga la Kenya lilitangaza kwamba, kwa uchunguzi wa kwanza, pete ile ni kipande cha roketi, kile kitumiwacho kutenganisha sehemu na sehemu roketi ikiwa safarini. Vitu vya namna hiyo hutazamiwa viungue juu hewani ama vitumbukie baharini. Hiki hakikufanya hili wala lile.

Hatuandiki habari hii ili kuwatia watu hofu. Twaiandika kwa kuwa kitu kikianguka kutoka juu, maneno hutangulia na ukweli huja nyuma ukichechemea. Huyu asema ni bomu, huyu asema ni ishara, na yule wa tatu amekwisha kufika na nyundo avunje kipande akauze chuma chakavu. Heri basi watu wa nyumbani, na walimu zaidi, wajue mapema ni vitu gani hivi vipitavyo juu ya mapaa yetu kila usiku, na jinsi mtu asiye na kitu ila macho yake awezavyo kuvitazama na kuvijua.

Mbingu si ngeni kwetu. Wazee wetu wakulima walitazama Kilimia wakajua majira ya kulima, na manahodha wa majahazi waliongoza vyombo vyao usiku kwa nyota. Lakini nyota walizozijua wao hazikuwa na haraka. Tangu tarehe 4 Oktoba 1957, Warusi waliporusha Sputnik ya kwanza, zimeingia kati ya nyota zile nyingine zisizotulia, zilizofanywa kwa mikono ya watu. (Wengi waliojisifu siku zile kwamba wameiona Sputnik hawakuiona. Sputnik yenyewe ilikuwa tufe dogo la sentimita 58, gumu sana kuonekana kwa macho. Walichokiona ni mwili wa roketi iliyoipeleka, ambao ulikuwa ukizunguka nyuma yake.) Leo vitu vifuatwavyo na rada, vizima na vibovu pamoja, vyapita 30,000.

Watoto huuliza: satelaiti haina taa, yaonekanaje usiku? Walio Moshi wanalo jibu mlangoni pao. Jioni, kiza kikiwa kimekwisha kuingia sokoni, theluji ya Kibo juu bado yawaka kwa jua, maana aliye juu huona jua baada ya aliye chini kuliaga. Satelaiti ni kama Kibo kilichoinuliwa kilomita 400 au 500. Sisi tumo katika usiku, nayo ingali katika mchana, nayo yatuonyesha nuru ya jua ambalo sisi hatulioni tena. Ndiyo sababu zile zipitazo chini huonekana baada ya magharibi na kabla ya mapambazuko, si usiku wa manane. Watu wa Ulaya ya kaskazini, wakati wao wa kiangazi, huweza kuziona usiku kucha, kwa kuwa jua lao halishuki mbali. Kwetu karibu na ikweta jua huzama wima na kivuli cha dunia hupanda upesi. Nafasi yetu ni saa moja na nusu hivi jioni, na kadiri iyo hiyo alfajiri.

Kuzitambua si kazi. Ndege huwa na taa nyekundu na za kumetameta, na mara nyingi huvuma. Kimondo hupita kwa nukta moja au mbili kikaisha. Satelaiti huenda kimya, kwa mwendo wa sawasawa, ikavuka mbingu kwa dakika chache, na pengine huzimika ghafula kabla haijafika upeo wa macho. Haikuanguka wala haikupasuka. Imeingia katika kivuli cha dunia, kama mtu aingiavyo chini ya mwembe. Iliyo kubwa na yenye kung'aa kupita zote ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho ndani yake watu wamekaa pasipo kukatika tangu Novemba 2000. Huizunguka dunia kwa dakika 90 na kidogo, nacho hupita juu ya Afrika Mashariki yote. Tena kuna ule mlolongo wa nuru, kama shanga zilizotungwa katika uzi, uliowashtua watu wa vijiji vingi tangu Mei 2019. Hizo ni satelaiti za Starlink, ambazo hurushwa nyingi kwa mara moja. Siku za kwanza hufuatana karibu karibu, kisha hutawanyika kila moja mahali pake.

Wala pwani yetu haikuwa mtazamaji tu. Kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitalia baharini karibu na Malindi, roketi zilirushwa tangu 1967 hata 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa pale satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa makusudi kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota, nayo ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Nayo pia ilirudi ikaungua hewani mwaka 1979.

Sasa twataka kueleza habari ya mwalimu mmoja, maana katika mambo haya yote hakuna lililotupendeza kama hilo.

Katika mji wa Kettering, Uingereza, mji uliojulikana kwa mafundi wake wa viatu, palikuwa na shule ya wavulana, na katika shule hiyo mwalimu wa fizikia, Geoffrey Perry. Mwenziwe aliyefundisha kemia, Derek Slater, alipenda mambo ya redio. Walimu hawa wawili walianza kuzisikiliza satelaiti za Kirusi kwa redio isiyo ya gharama kubwa, pamoja na wanafunzi wao. Nia ya kwanza haikuwa kuvumbua jambo. Perry alitaka kuwaonyesha vijana kanuni moja ya sauti na mawimbi. Kila aliyesimama kando ya reli aijua, ijapokuwa hajui jina lake: gari la moshi likija lapiga king'ora kwa sauti nyembamba, nalo likiisha kupita sauti ile hushuka ikawa nene. Mlio wa satelaiti katika redio hufanya vivyo hivyo. Kwa kupima jinsi sauti inavyoshuka, na kuandika wakati wenyewe inaposhuka, mwanafunzi aliyeketi darasani aweza kujua satelaiti imepita karibu saa ngapi. Na akiandika siku baada ya siku, aweza kujua inazunguka dunia kwa dakika ngapi, na kesho itapita lini.

Basi wakaandika. Warusi walikuwa wakirusha vyombo vingi chini ya jina moja tu, Kosmos, kila kimoja na nambari yake, pasipo kusema ni vya kazi gani. Vingi vilikuwa vya kupiga picha za nchi za watu kutoka juu, navyo vilirudishwa chini baada ya siku chache. Vijana wa Kettering walizizoea nyakati zao kama mtu azoeavyo nyakati za basi la kijijini. Kwa sababu hiyo, Kosmos 112 iliporushwa tarehe 17 Machi 1966, waliona mara moja kwamba hii haifuati desturi. Njia yake juu ya dunia iliinama namna nyingine, tofauti na zile zitokazo katika kiwanja cha Baikonur, ambacho kilikuwa kikijulikana. Vilifuata vyombo vingine vya namna hiyo. Walimu na wanafunzi wakatwaa ramani, wakazirudisha nyuma zile njia, kama mtu afuataye nyayo kuelekea zilikotoka, na nyayo zikakutana kaskazini mwa Urusi, karibu na mahali paitwapo Plesetsk. Mwaka ule ule wa 1966 wakautangazia ulimwengu kwamba Warusi wanacho kiwanja kingine.

Tufikiri kidogo ukubwa wa jambo hili. Wakubwa wa Marekani walikuwa na habari za Plesetsk kwa njia zao za siri, bali walinyamaza. Wakubwa wa Urusi walinyamaza pia. Hawakukiri wazi kuwako kwa kiwanja hicho mpaka 1983. Kati ya wanyamavu hao wawili wenye nguvu, waliosema ni walimu wa shule na vijana wao, nao hawakuiba karatasi ya mtu wala kumhonga mtu. Walisikiliza, wakaandika saa, wakapiga hesabu. Watu husema elimu ya shule haina kazi ikiisha mitihani. Twatamani wasemao hivyo wangeona daftari za Kettering.

Wamarekani nao walikuwa na vikosi vya watu wa hiari vilivyoitwa Moonwatch, vilivyoanzishwa na mtaalamu wa nyota Fred Whipple mwaka 1956, kabla hata satelaiti ya kwanza haijarushwa. Walimu, wanafunzi, wafanyakazi wa viwandani na wake wa nyumbani waliketi katika mstari na darubini ndogo, kila mmoja akilinda kipande chake cha mbingu. Kazi hiyo iliendelea mpaka 1975. Alfajiri ya tarehe 5 Septemba 1962 kikosi cha Milwaukee kilikuwa macho, maana chombo cha Kirusi, Sputnik 4, kilichorushwa Mei 1960, kilikuwa karibu kuanguka. Wakakiona kikivuka mbingu kimevunjika vipande vyenye kuwaka. Asubuhi hiyo, katika mji wa Manitowoc, kando ya Ziwa Michigan, polisi wawili walipita wakaona kipande cha chuma kimezama katika lami katikati ya njia, wakakidhania takataka tu. Baadaye ndipo walipokumbuka na kurudi. Kilikuwa na uzito wa kilo 9 hivi. Ushuhuda wa wale waliokesha ulisaidia kuthibitisha kwamba chuma kile cha barabarani ni kile kile kilichokuwa kikizunguka dunia, na kipande kikarudishwa kwa wenyewe.

Yafaa tueleze jinsi kitu kinavyoanguka, kwa kuwa wengi hudhani chombo huchoka tu kikadondoka kama embe. Chombo kikizunguka kilomita mia kadhaa juu, hewa haijaisha kabisa. Iko, ila nyembamba mno. Hewa hiyo humshika mwenda mbio kidogo kidogo, naye hushuka kidogo, na huko chini hewa ni nzito zaidi, basi hushikwa zaidi. Hata akifika kilomita 120 hivi, mambo huharakishwa. Chombo kina mwendo wa kilomita kama 28,000 kwa saa, nacho huibana hewa iliyo mbele yake kwa nguvu hata hewa yenyewe ikawaka. Yapata kilomita 80 juu, chombo huvunjika. Sehemu nyepesi huyeyuka. Zile zisizoogopa moto upesi, kama matangi ya titaniamu na ya chuma cha pua, huweza kufika chini. Mwezi wa Aprili 2000 vipande vya namna hiyo vya roketi ya Marekani, na tangi likiwamo, vilianguka mashambani karibu na Cape Town.

Anayetazama kutoka chini huona kitu kizuri na cha kutisha pamoja: mianga mingi ikifuatana kwa safu moja, polepole, pengine dakika nzima au zaidi, kila mmoja na mkia wake, ikienda karibu sawa na ardhi. Kimondo hakiendi hivyo. Kimondo kina mwendo mkali zaidi, nacho hukatika mara.

Mbona basi wataalamu, pamoja na rada zao, hawawezi kutuambia kitu kitaanguka wapi? Jibu ni kwamba hewa ya juu haitulii. Jua likichafuka, hewa hiyo huvimba, na vyombo hushikwa kuliko ilivyotazamiwa. Ndivyo kilivyopatwa kituo kikubwa cha Wamarekani, Skylab, kilichotumainiwa kudumu mpaka miaka ya 1980, kikaanguka tarehe 11 Julai 1979 juu ya Bahari ya Hindi na Australia ya Magharibi. Tena, kitu chenye mwendo wa kilomita 28,000 kwa saa, ukikosea saa moja tu katika hesabu, umekosea zaidi ya nusu ya mzingo wa dunia. Chombo cha Kirusi Kosmos 482, kilichorushwa Machi 1972 kiende Zuhura kikashindwa kutoka karibu na dunia, kilifuatwa na wachunguzi wengi. Hata hivyo wiki moja kabla ya kuanguka kwake hawakuweza kutaja siku kwa hakika. Kilianguka tarehe 10 Mei 2025, na Warusi walisema kimeingia Bahari ya Hindi, magharibi ya Jakarta. Mtu akikuambia mwezi mzima mbele kwamba chombo fulani kitaangukia wilaya yenu siku fulani, usimsadiki.

Linabaki swali la haki, nalo si dogo. Mwenye ng'ombe akila shamba la jirani hulipa. Je, mwenye roketi? Mapatano ya mataifa ya mwaka 1972 yasema wazi kwamba nchi iliyorusha chombo yawajibika kwa hasara kitakayoifanya juu ya ardhi, hata kama haikuzembea. Mapatano hayo yalijaribiwa chombo cha Kirusi Kosmos 954, chenye tanuri la nguvu za atomiki ndani yake, kilipoanguka kaskazini mwa Kanada tarehe 24 Januari 1978 na kutawanya sumu yake juu ya theluji. Kanada ilidai dola milioni 6 za nchi hiyo kwa kazi ya kusafisha. Mwaka 1981 Urusi ikakubali kulipa milioni 3. Watu wa Esperance, Australia, walikuwa na njia yao wenyewe: waliwatoza Wamarekani faini ya dola 400 kwa kutupa takataka, kwa ajili ya Skylab. Faini hiyo ililipwa mwaka 2009, wala si na serikali, bali na wasikilizaji wa redio waliochanga. Ni mchezo, lakini ndani yake mna neno. Ili kudai, lazima kwanza ijulikane kipande ni cha nani. Na hapo ndipo watazamaji wa mbingu wanapokuwa mashahidi. Ile pete ya Mukuku ilileta ubishi mrefu kati ya wachunguzi, roketi ipi hasa na ya mwaka gani, na daftari za njia za vyombo ndizo zilizofunuliwa kutafuta jibu.

Kwa hiyo twawaomba wazazi na walimu wayashike haya. Kipande kikianguka karibu nanyi, mtu asikiguse, hata kikiwa kimepoa. Matangi ya roketi huweza kubakiwa na mafuta yenye sumu kali, ambayo hata mvuke wake hudhuru. Wawekeni watoto na mifugo mbali, upande upepo unakotoka. Mtu mmoja aende kwa polisi au kwa mkubwa wa kijiji, na mwingine alinde mahali. Msikivunje, msikisogeze, wala msigawane vipande. Namna kilivyoanguka ni nusu ya ushahidi.

Na ikiwa mmeona mianga tu ikipita, andikeni usiku ule ule, kabla masimulizi hayajaikuza. Andikeni saa na dakika, mkisahihisha saa yenu kwa redio au simu. Andikeni ilitokea upande gani ikaelekea upande gani, na ilidumu nukta ngapi. Asiye na saa ahesabu taratibu. Kwa kupima urefu wa juu, nyosha mkono ukunje ngumi: upana wa ngumi moja ni kama digrii 10, basi ngumi tisa kutoka upeo wa macho hufika utosini. Ajuaye Msalaba wa Kusini au Kilimia aseme mwanga ulipita kulia au kushoto kwake, na umbali wa ngumi ngapi. Watu wawili walio katika vijiji viwili mbalimbali wakiandika hivyo, mwenye hesabu aweza kujua kitu kilikuwa juu ya nchi ipi.

Darasa lingeweza kuanza na kile Kituo cha Kimataifa, ambacho nyakati za kupita kwake hutangazwa mapema, likalinganisha saa lililoandika na saa iliyotangazwa. Na wawahi, maana nchi zinazokimiliki zimepanga kukiangusha kwa makusudi kusini mwa Bahari ya Pasifiki, mbali na makao ya watu, miaka ya mwanzo baada ya 2030. Uzito wake ni zaidi ya tani 400.

Kuhusu walio na redio badala ya darubini, Januari 2018 mtu mmoja wa Kanada, Scott Tilley, alipokuwa akitafuta mawimbi ya satelaiti nyingine, alisikia mlio asioutazamia. Akapekua orodha akaona ni satelaiti ya Marekani iitwayo IMAGE, iliyorushwa mwaka 2000, ikanyamaza Desemba 2005, na wenyewe wakaihesabu kuwa imekufa. Aliandika kuwaarifu, nao walipoelekeza vyombo vyao wakaona kweli ni yenyewe, ingali hai.